Kati ya Mkazo na Mkazo

Nimejifungua mara mbili, zote bila epidurali, yaani ganzi ya mgongoni. Mara ya kwanza niliitaka nikaikosa. Mara ya pili niliambiwa mapema kwamba sitachomwa. Watoto wote wawili ni wazima, nami ni mzima, lakini uzazi ule wa kwanza ulinichukua miaka minne kuupona. Naandika kwa ajili ya mama ambaye siku zake zinakaribia na anajua, kwa kupenda au kwa kukosa njia nyingine, kwamba atapitia uchungu mwanzo hadi mwisho bila ganzi ya mgongoni.

Katika mimba ya kwanza, maandalizi yangu yote ya maumivu yalikuwa neno moja: epidurali. Nilikuwa nimesoma kwamba daktari wa usingizi huingiza mrija mwembamba sehemu ya chini ya mgongo, dawa ikapita humo, na mama akapungukiwa na maumivu kuanzia kiunoni kwenda chini huku akili yake ikiwa timamu. Nikamwambia muuguzi wa kliniki kwamba nataka hiyo. Akaandika kwenye kadi, na kwangu mimi jambo likawa limekwisha. Sikuuliza ni nani anayeiweka, kama huwepo usiku, inachukua muda gani tangu kuomba hadi kufanya kazi, na ni wakati gani mtu huambiwa amechelewa. Maswali hayo manne ningemwomba kila mjamzito ayaulize, hata yule mwenye uhakika kwamba ataipata. Epidurali haiji kwa hiari ya mama peke yake. Lazima mwenye ujuzi awepo, mikono yake iwe haijashikwa na kazi nyingine, na mwili wa mama uruhusu.

Uchungu ulianza saa nne usiku. Ulikuwa mwepesi, ukija kila baada ya dakika 12 au 15. Nilikuwa nimesikia kwamba kutembea kunaharakisha mambo, basi nikatembea, kutoka mlangoni hadi dirishani na kurudi, usiku kucha. Sikulala hata kidogo. Sikula kwa kuogopa kutapika. Kulipokucha tukaenda hospitali, mkunga akanipima, akasema njia imefunguka sentimita 2 na turudi nyumbani. Nililia palepale kwenye korido. Niliamini nimefanya kazi ya usiku mzima na haikuzaa kitu.

Hakuna aliyekuwa amenieleza kwamba kile kilikuwa kipindi cha mwanzo tu, na kwamba kinaweza kuchukua saa nyingi bila chochote kuharibika. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018, limehesabu uchungu ulioshika kasi kuanzia sentimita 5, na kuhusu kipindi cha kabla ya hapo limesema hakina urefu maalumu unaojulikana. Mwongozo huohuo umesema kanuni ya zamani ya sentimita 1 kila saa si ya kweli kwa baadhi ya wanawake. Ningejua hayo, ningezima taa nikalala kati ya mkazo mmoja wa kizazi na mwingine, ningekula kidogo, ningekunywa maji. Usiku ule nilitumia nguvu zangu kuusaidia mwili kazi ambayo ulikuwa ukiifanya wenyewe.

Jioni tulirudi, sentimita 5. Nikaomba sindano yangu. Nikaambiwa daktari wa usingizi yuko chumba cha upasuaji na mama mwenye dharura, na usiku huo yuko peke yake. Simlaumu. Mama yule alimhitaji kuliko mimi. Lakini kusubiri ndiko kulikonivunja. Kila mkazo ulipokuja nilijiambia nivumilie huu tu, anakuja. Ukipita, nilikodolea macho mlango. Sikuwahi kuwa ndani ya chumba kile kwa moyo wote, nilikuwa nikiishi katika saa ambayo haijafika.

Wakanipa gesi ya naitrasi oksaidi iliyochanganywa na oksijeni, ile unayovuta mwenyewe kwa barakoa. Niliivuta vibaya. Nilingoja maumivu yafike kileleni ndipo nikaishika barakoa, na gesi ile huchukua nusu dakika au zaidi hivi kabla haijashika vizuri. Kwa hiyo nguvu yake ilinifikia mkazo ukiwa umeshaanza kuondoka, ikanipa kizunguzungu na kichefuchefu katika muda ambao ningepumzika. Kama utapewa gesi, anza kuivuta dalili ya kwanza kabisa ya mkazo inapokuja, hata kama hujasikia maumivu bado, na uiache mkazo unaposhuka.

Mume wangu alisimama ukutani. Alikuwa na hofu kuliko mimi, na hakuna mtu, mimi nikiwa wa kwanza, aliyemwambia afanye nini. Nilikamata vyuma vya kitanda kwa nguvu kiasi kwamba baada ya kujifungua nilishindwa kufunga vifungo vya nguo, vidole vikiuma. Taya ziliniuma siku tatu. Daktari wa usingizi alipofika mlangoni, mkunga akamwambia kichwa cha mtoto kinaonekana.

Nilichanika, nikashonwa. Nilichomwa lidokeni, dawa ya ganzi ya mahali, lakini uzi ulianza kupita kabla ganzi haijashika. Nilinyamaza kwa kudhani ndivyo inavyokuwa. Nilipaswa kusema: subiri, bado nasikia. Ganzi hiyo inahitaji dakika chache, na ukiona inaisha una haki ya kuomba nyongeza. Kwa mwenye kusoma haya, hilo ni neno la kuweka tayari mdomoni.

Miezi iliyofuata ilikuwa mizito. Nilikuwa nikiota mlango ule. Watu waliniambia mshukuru Mungu, mtoto mzima, na nilimshukuru kweli, lakini shukrani haikuiondoa ndoto. Wazo la mimba nyingine lilinifanya nitoke jasho. Hofu ya namna hiyo inajulikana na madaktari, si udhaifu wa moyo, na anayeipata anastahili kusikilizwa na mtu mwenye ujuzi. Mimi nilikaa nayo kimya muda mrefu mno.

Kilichoniumiza zaidi kilikuwa neno la mtu mmoja aliyenipenda kweli: kwamba uchungu unauma kwa sababu ya woga, na mwanamke asiyeogopa haumii. Nilitafuta chanzo cha wazo hilo. Kuna daktari Mwingereza, Grantly Dick-Read, aliyeandika kuanzia mwaka 1933 kwamba woga hukaza mwili, mwili uliokazwa huongeza maumivu, na maumivu huongeza woga tena. Baada yake, miaka ya 1950, Mfaransa Fernand Lamaze akaeneza mafunzo ya kupumua aliyoyajua kutoka kwa madaktari wa Kisovieti. Mzunguko ule wa woga na maumivu niliutambua mara moja, ndio ulionishika kitandani. Ila kutoka hapo hadi kusema maumivu yote ni woga ni kuruka mto mpana. Mwaka 1981 Ronald Melzack, mtafiti wa maumivu wa Kanada, pamoja na wenzake, walipima maumivu ya kina mama wakiwa leba. Waliohudhuria mafunzo walipata nafuu, lakini ya kiasi tu, na uchungu ulibaki mkali. Niliposoma hivyo nilishusha pumzi niliyoibana kwa miaka. Inauma kwa sababu inauma. Msuli mkubwa unajikaza, mlango wa kizazi unavutwa ufunguke, nyama na mishipa ya nyonga inasukumwa. Maandalizi hayaondoi hilo, na mama aliyejiandaa vizuri akaomba dawa hajashindwa mtihani wowote.

Basi maandalizi yanafanya nini? Jibu nililipata kwenye faili langu mwenyewe.

Mtoto wangu alipokuwa na miaka mitatu na nusu, tulianza kuzungumzia mwingine, nikamwomba mume wangu tuende kwanza tukasomewe kumbukumbu za uzazi ule. Sikujua kama inawezekana. Inawezekana mahali pengi, ukiomba. Mkunga mtu mzima, aliyekuwa hakuwepo siku ile, alitukalisha akafungua patografu, ile karatasi ambayo wanaandikia mwendo wa leba. Kwenye karatasi hiyo kuna safu za visanduku. Kila mkazo unaokuja ndani ya dakika 10 unajaziwa kisanduku chake: vitone kama umedumu chini ya sekunde 20, mistari kama ni sekunde 20 hadi 40, na kisanduku chote kuwa cheusi kama umepita sekunde 40.

Akaweka kidole kwenye saa zangu mbaya kuliko zote. Visanduku vitatu vyeusi.

"Mama, hapa ulikuwa na mitatu kwa dakika 10. Tuseme kila mmoja sekunde 50. Nihesabie."

Nikahesabu. Dakika mbili na nusu.

"Na zilizobaki?"

Dakika saba na nusu. Alinionyesha kwamba hali hiyo ilidumu saa kama 6 kabla mikazo haijasogeleana zaidi. Katika saa hizo 6, maumivu yalikuwa saa 1 na nusu. Saa 4 na nusu mwili wangu ulikuwa umeachiwa. Na mimi, kwa kweli, sikumbuki hata dakika moja ya hizo saa 4 na nusu ambayo sikuwa nimejikaza, nikisubiri pigo linalofuata au nikitazama mlango.

Kuanzia siku ile nilijua ninachopaswa kujifunza. Mikazo ilikuwa ya mwili. Nafasi kati yake ndiyo iliyokuwa yangu, na niliitupa yote.

Mimba ya pili ilikuwa njema hadi wiki ya 33, vipimo vya damu vilipoonyesha chembe sahani zimeshuka. Hizi ni chembe zinazosaidia damu kuganda. Kiwango cha kawaida cha mtu mzima huanzia kama 150,000 kwa kila mikrolita ya damu. Zangu zilikuwa 64,000. Wajawazito wengi hushuka kidogo bila madhara, ila kushuka kwa kiwango changu kulihitaji kufuatiliwa, na kila wiki nilitolewa damu. Daktari wa usingizi alinieleza kwa upole na kwa ukamilifu: sindano ya epidurali inapita karibu na mishipa midogo ya damu, na damu ikivuja pale bila kuganda inaweza kujikusanya na kuubana uti wa mgongo. Kwangu asingeichoma. Sindano za dawa ya maumivu za kwenye msuli, kama pethidini, nazo waliamua kuziepuka kwa sababu hiyohiyo ya kuvuja damu. Nikihitaji upasuaji, ningelazwa usingizi kabisa. Safari hii hospitali haikuwa na gesi.

Usiku ule nilitetemeka. Mume wangu alinishika tu, hakusema kitu, na nilimshukuru kwa kutosema kitu. Asubuhi nilijikuta nina utulivu ambao sikuutegemea. Safari hii hakutakuwa na mlango wa kuutazama.

Nilikuwa na wiki kama 5. Zoezi lililonisaidia kuliko mengine yote lilikuwa la barafu, nililofundishwa na yule mkunga wa faili. Unashika vipande vya barafu kiganjani kwa dakika 1, kisha unaviachia dakika 2, unarudia. Watu hudhani kazi iko kwenye ile dakika moja. Alinisahihisha siku ya kwanza: "Kushika kila mtu anashika. Nataka nikuone unavyoachia." Nilipoachia barafu, mabega yangu yalibaki yamepanda, ulimi umegandama juu ya kaakaa, nikiwaza duru ijayo. Ilinichukua siku kumi hivi mwili uelewe kwamba barafu ikitoka, imetoka. Nilikuwa na mpangilio: pumzi ndefu moja ya kutoa, mabega chini, taya lilegee, viganja vifunguke. Mwisho wa wiki ya pili ulikuwa ukitokea wenyewe, kama mtu anavyovua viatu akifika nyumbani.

Katika ile dakika ya barafu nilihesabu pumzi badala ya sekunde. Kuvuta taratibu kwa pua, kutoa taratibu zaidi kwa mdomo, kutoa kukiwa kurefu kuliko kuvuta. Kwangu dakika 1 ilikuwa pumzi 10. Hilo lilikuja kuwa la thamani kubwa, kwa sababu mkazo una umbo: unapanda, unafika kilele, unashuka. Ukijua kilele kiko pumzi ya 5 na ya 6, pumzi ya 7 tayari ni habari njema.

Jambo la pili lilikuwa wenzangu. Ushahidi kuhusu hili ni mzito kuliko mambo mengi ya uzazi. Mapitio ya mwaka 2017 ya Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima tafiti za tiba, yaliyokusanya majaribio yenye wanawake zaidi ya 15,000, yaliona kwamba mama mwenye mtu wa kumtegemeza mfululizo huelekea kuwa na leba fupi kidogo na kujifungua kwa njia ya kawaida zaidi kuliko asiye naye. Lakini kuwepo tu hakutoshi, mume wangu alikuwepo mara ya kwanza. Safari hii nilimwomba dada yangu mkubwa pia, baada ya kuuliza kama hospitali inaruhusu wawili kwa zamu. Tulikaa sote tukagawana kazi. Dada alipewa mgongo wangu. Mume wangu alipewa maji, choo na neno moja.

Mgongo: mkazo unapokuja, anakandamiza kwa kiganja mfupa bapa wa chini ya kiuno, kwa nguvu, bila kusogezasogeza, au anabana nyonga kwa viganja viwili kutoka pande zote mbili. Melzack huyohuyo na Patrick Wall waliandika mwaka 1965 kwamba uti wa mgongo una kitu kama lango, na hisia za mguso na shinikizo zinaweza kulifunga nusu kabla maumivu hayajapita kwenda kwenye ubongo. Ndiyo maana mtu akijigonga hujisugua. Tulifanya mazoezi hadi dada akajua mahali hasa, maana kusogea hata upana wa vidole viwili kunafanya isaidie au iudhi.

Maji na choo: mafunda machache baada ya kila mikazo miwili mitatu, na kukumbushwa kukojoa kila saa 1 au 2, kwa sababu kibofu kilichojaa kinaongeza maumivu na kinaweza kumzuia mtoto kushuka, na mama aliye kwenye uchungu huenda asisikie haja. Neno: mkazo unapoanza kushuka, mume wangu angesema "achia." Si "vumilia", si "jikaze". Nilimwomba asiseme kabisa jikaze.

Tulikubaliana pia kwamba nikisema siwezi, hakuna atakayenibishia wala kunipa moyo kwa maneno mengi. Watabadilisha kitu: mkao, mahali, maji ya moto, chochote.

Uchungu ulianza wiki ya 38, saa saba usiku. Kwa ajili ya damu yangu nilikuwa nimeagizwa nisikawie nyumbani. Wenye mimba ya kwanza isiyo na tatizo mara nyingi huambiwa wangoje hadi mikazo ije kila dakika 5, ikidumu dakika 1, kwa muda wa saa 1, lakini damu nyingi, maji ya kijani, mtoto kupunguza kucheza, au kichwa kuuma vikali na macho kuona vibaya havingojwi hata kidogo. Nilipimwa, sentimita 3. Nikaomba taa ipunguzwe, nikalala ubavu, mto kati ya magoti. Na nililala kweli. Si usingizi mzito, lakini kila baada ya dakika 7 au 8 mkazo uliniamsha, nikahesabu pumzi 8, nikazama tena. Mkunga wa zamu alipita mara mbili akitembea kwa vidole. Kulipopambazuka nilikuwa sentimita 6, nikiwa nimepumzika zaidi ya saa 3. Nililinganisha na korido ile ya miaka minne nyuma na machozi yakanitoka, ya namna nyingine.

Kutoka hapo nilisimama. Nilijiinamia kwenye kitanda kilichopandishwa juu, dada akiwa mgongoni. Kusimama na kuinama mbele kulinipunguzia maumivu ya kiuno kuliko kulala chali, mkao uliokuwa mbaya kuliko yote kwangu. Kisha bafuni, maji ya moto yakimiminika chini ya mgongo, nimekaa kwenye kiti kinyumenyume. Pumzi 10, achia. Pumzi 11, achia. Nilianza kutoa sauti nene, ya chini, kama mtu anayeunguruma akiwa amefunga mdomo. Kila sauti ilipopanda ikawa nyembamba, mwili ulikaza, na mume wangu aligusa koo lake kunikumbusha ishuke. Katika nafasi tulizungumza. Nilikunywa. Wakati mmoja niliegemea ukuta nikasikia mapigo ya moyo wangu yakirudi polepole mahali pake, na nikajua kwamba hii ndiyo niliyoikosa mara ya kwanza.

Sitaki mtu adhani ilikuwa hivyo hadi mwisho. Karibu na sentimita 8 nafasi ziliisha. Mkazo mmoja haujashuka, mwingine umeshapanda. Nilihesabu hadi 14 nikapoteza hesabu. Nilitetemeka miguu, nikatapika, nikasikia baridi na joto kwa pamoja. Zoezi la barafu halikuwa na kitu cha kunipa hapo, maana hapakuwa na cha kuachia. Nilisema siwezi, tena kwa sauti ya mtu anayemaanisha, na nilimaanisha. Kama kungekuwa na dawa yoyote ningeichukua bila kufikiri, na ingekuwa sawa kabisa. Dada yangu alinigeuza nikapiga magoti, nikakumbatia kichwa cha kitanda, akaweka paji la uso wake mgongoni kwangu na kupumua kwa sauti ili nifuate yake. Sikuweza kupumua kwa hesabu yangu, lakini niliweza kupumua kwa yake. Mkunga alisema hicho ndicho kipindi cha mpito, kigumu kuliko vyote na mara nyingi kifupi kuliko vyote. Kwangu kilidumu kama dakika 40. Mama ajue kipo, asidhani njia aliyojifunza imeharibika.

Kusukuma kulikuwa maumivu mengine, yenye kazi ndani yake. Nilisukuma mwili ulipotaka, sikubana pumzi kwa kuamriwa. Nilikuwa nimesoma kwamba kitambaa cha maji ya moto kikiwekwa kwenye msamba wakati kichwa kinashuka hupunguza mchaniko mkubwa, nikakiomba kliniki, na mkunga alikiweka. Kichwa kilipokuwa kinatoka nilisikia moto, pete ya moto, na mkunga akaniambia niache kusukuma, nipulize kama napuliza mshumaa. Ni vigumu mno kuacha pale. Nilipuliza mara tano, sita. Mtoto akatoka taratibu, akapanda kifuani kwangu, mtelezi na wa moto, akilia kabla sijamwona uso.

Walinipa oksitosini kwenye dripu ya mshipani ili kizazi kijikaze, na kwa ajili ya chembe zangu walikagua damu kila mara. Ilivuja ya kawaida. Nilichanika kidogo. Mkunga alipochukua sindano ya kushonea nilisema, "Dada, subiri, bado nasikia." Akasubiri. Akanigusa, nikasema sasa.

Kuna kitu kimoja ambacho hakuna aliyenitahadharisha. Baada ya uzazi wa pili na kuendelea, kizazi kinapojirudisha huuma kuliko mara ya kwanza, hasa mtoto anaponyonya, kwa sababu kunyonya kunaamsha homoni ileile ya oksitosini. Jioni ile, mtoto aliposhika titi, mkazo ulinikamata wa nguvu kiasi kwamba nilidhani kuna jambo baya. Nilihesabu pumzi, nikafika 10, ukashuka. Ukaja mwingine. Nilikuwa na uwezo wa kuhesabu usiku mzima, nilijua hivyo. Nikabonyeza kengele, na mkunga alipokuja nilimwambia inauma, nataka dawa. Akaangalia faili langu, akachagua ile isiyodhuru chembe sahani, akaniletea na kikombe cha maji, nikanywa, nikalala na mtoto ubavuni hadi alfajiri.